Kutoka Adhabuni hadi Ligi Kuu: Historia ya Klabu Zilizoshushwa Daraja Mwaka 2016 na Nafasi ya Nyanda za Juu Kusini katika Safari ya Kurejea

1.0 Utangulizi

Historia ya soka nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata vikombe na mabingwa. Historia ya adhabu haijapewa uzito kama huo, ingawa adhabu nayo hubadili mwelekeo wa klabu, wachezaji na miji. Makala hii inachunguza uamuzi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) wa mwaka 2016 wa kuzishusha daraja klabu nne kwa kosa la kupanga matokeo, kisha inafuatilia yaliyozipata klabu hizo na klabu iliyonufaika na anguko lao.

Suala hili linaihusu pia miji iliyo mbali na Geita na Tabora. Mgololo, mji mdogo wa Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ulikua kuzunguka kiwanda cha karatasi. Katika miji ya namna hiyo mwajiri mmoja hubeba mambo mengi kwa wakati mmoja: ajira, nyumba, shule, na mara nyingi hata timu ya mpira. Swali la nani anaibeba klabu siku ya adhabu, basi, ni swali la miji ya viwanda na migodi kwa jumla. Aidha, kama itakavyoonyeshwa, klabu za Nyanda za Juu Kusini zilisimama mlangoni pale ambapo washindani wa mwaka 2016 walikuwa wakiingia na kutoka Ligi Kuu.

Hoja ya makala hii ni kwamba klabu haipati nafuu kwa sababu ya muda kupita. Hupata nafuu pale inapokuwa na mwenyewe anayejulikana, ambaye jina la klabu likichafuka na lake huchafuka, na ambaye yuko tayari kulipa gharama ya kupanda upya ngazi kwa ngazi.

2.0 Tukio la Februari 2016

Katika msimu wa 2015/16, Ligi Daraja la Kwanza ilichezwa katika makundi matatu, na kinara wa kila kundi alipanda moja kwa moja kwenda Ligi Kuu. Utaratibu huo uliacha nafasi moja tu katika kila kundi. Katika Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora zilifika siku ya mwisho zikiwa zimekaribiana kiasi kwamba tofauti ya mabao ingeweza kuamua nani apande.

Matokeo ya siku hiyo yalishtua nchi. Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa ya Kigoma mabao 8 kwa 0. Polisi Tabora nayo iliifunga JKT Oljoro ya Arusha mabao 7 kwa 0. Mchezo mmoja wa namna hiyo ungeweza kuelezwa kwa uchovu wa timu isiyo na cha kupigania. Michezo miwili kwa siku moja, yote ikizihusu timu zilizohitaji mabao mengi, ilikuwa vigumu kuieleza kwa njia hiyo.

Mwezi Aprili 2016, baada ya uchunguzi, Kamati ya Nidhamu ya TFF ilitoa hukumu. Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro zilishushwa hadi Ligi Daraja la Pili. JKT Kanembwa, ambayo kwa matokeo ya uwanjani ilikuwa tayari imeshuka, iliteremshwa ngazi moja zaidi hadi ligi ya mkoa. Baadhi ya viongozi, makocha, waamuzi na wachezaji walifungiwa kwa vipindi mbalimbali. Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa imemaliza nyuma ya washindani hao wawili, ilipandishwa kwenda Ligi Kuu.

Hukumu hiyo ilikuwa na pande mbili. Adhabu kwa watu binafsi ilimfuata aliyetenda. Kushushwa kwa klabu, kwa upande mwingine, kuliwagusa wengi ambao hawakuhusika: mchezaji wa akiba, mtunza vifaa, muuza maji langoni mwa uwanja, na shabiki aliyesafiri na timu msimu mzima. Watetezi wa adhabu ya klabu husema kwamba bila hiyo uongozi ungemtoa mtu mmoja kafara na kubaki na faida ya udanganyifu. Hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, haiondoi ukweli kwamba gharama ya kurejea hulipwa na waliobaki, si na waliofukuzwa.

3.0 Njia Tatu Baada ya Hukumu

3.1 Geita Gold: kupanda upya

Geita ni mji wa dhahabu. Klabu yake ilikuwa chini ya Halmashauri ya Mji, na baadaye ilipata udhamini wa kampuni ya mgodi wa dhahabu wa Geita. Hali hiyo ilimaanisha kwamba baada ya hukumu klabu haikubaki yatima. Jina la klabu lilikuwa jina la mji, na kuliacha lipotee kungekuwa kukubali kwamba mji wenyewe utakumbukwa kwa mabao 8 ya Kigoma.

Njia ilikuwa ndefu. Ilibidi klabu itoke Daraja la Pili, irudi Daraja la Kwanza, kisha ishindanie tena nafasi iliyoipoteza mwaka 2016. Mwaka 2020 ilifika kwenye michezo ya mchujo na kukutana na Mbeya City, iliyokuwa ikipigania kubaki Ligi Kuu. Mbeya City ilishinda na kubaki. Mwaka uliofuata, 2021, Geita Gold ilipanda moja kwa moja, ikiongozana na Mbeya Kwanza.

Msimu wa 2021/22 ulikuwa jibu la klabu kwa historia yake. Chini ya kocha Fred Felix Minziro, Geita Gold ilimaliza katika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Nafasi hiyo iliipeleka katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa kanuni ya bao la ugenini. Kwa hiyo, miaka 6 baada ya kushushwa kwa udanganyifu, klabu ileile iliiwakilisha nchi.

Nafuu hiyo haikuwa ya kudumu. Mwishoni mwa msimu wa 2023/24 Geita Gold ilishuka tena, pamoja na Mtibwa Sugar. Tofauti ya anguko hili na la kwanza ni kubwa: mwaka 2024 ilishuka kwa kushindwa uwanjani, na kushindwa uwanjani hakumwachi mtu na aibu ya kuficha.

3.2 Polisi Tabora na timu za JKT: kufifia

Mshindani wa Geita hakurejea kwa jina lake. Polisi Tabora haikuonekana Ligi Kuu katika miaka iliyofuata, wala JKT Oljoro, ambayo iliwahi kucheza ligi hiyo hadi iliposhuka mwaka 2014. Timu hizi zilikuwa matawi ya taasisi kubwa za dola. Taasisi zenyewe hazikukosa uwakilishi: JKT Ruvu ilishuka mwaka 2017, ikarejea mwaka 2018 kwa jina la JKT Tanzania. Taasisi yenye timu kadhaa inaweza kuliacha tawi moja linyauke bila shina kudhurika. Mji uliolizoea tawi hilo ndio unaobaki na uwanja mtupu.

Tabora ilirudi Ligi Kuu mwaka 2023 kupitia klabu nyingine, Kitayosce, ambayo baadaye iliitwa Tabora United. Klabu hiyo nayo ilianza safari yake kwa adhabu. Kwa sababu ya zuio la usajili kutoka FIFA, ilifika kwenye mchezo wake wa kwanza dhidi ya Azam mwezi Agosti 2023 ikiwa na wachezaji pungufu, na mchezo ulivunjika mapema baada ya waliobaki uwanjani kuwa chini ya idadi inayoruhusiwa, Azam ikiwa mbele kwa mabao 4. Ilinusurika kushuka mwaka 2024 kwa njia ya mchujo, na mwezi Novemba 2024 iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1. Tabora inaonyesha kwamba mji unaweza kupata nafuu hata pale klabu yake ya awali isipoipata.

3.3 Mbao FC: faida iliyokwisha

Mbao FC iliingia Ligi Kuu kwa mlango uliofunguliwa na makosa ya wengine, lakini ilijithibitisha haraka. Katika msimu wake wa kwanza iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafika fainali ya Mei 2017 mjini Dodoma, na ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Miaka mitatu baadaye, katika mchujo uleule wa mwaka 2020 ambao Geita Gold ilishindwa na Mbeya City, Mbao ilitolewa na Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, na kushuka.

Sadfa hiyo inastahili kuangaliwa. Klabu iliyoadhibiwa na klabu iliyonufaika zilifika katika mlango mmoja wakati mmoja, moja ikitaka kuingia na nyingine ikikataa kutoka, na zote mbili zilizuiwa na timu za Mkoa wa Mbeya. Mwaka mmoja baadaye iliyoadhibiwa ilipanda. Kwa hiyo nafasi ya kupewa haikuwa na uzito kuliko nafasi ya kujengwa.

4.0 Ulinganisho na Melbourne

Kandanda ya Australia, mchezo tofauti na soka, inatoa ulinganisho wenye manufaa kwa kuwa ligi yake kuu haina utaratibu wa kushuka daraja. Carlton na Essendon, mahasimu wa jiji la Melbourne, zote zimewahi kuadhibiwa na ligi. Mwaka 2002 Carlton ilipatikana na hatia ya kuvunja ukomo wa mishahara. Ilitozwa faini na kunyang'anywa haki ya kuchagua wachezaji bora chipukizi. Haikurudi katika hatua ya fainali hadi mwaka 2009. Essendon iliondolewa katika fainali za mwaka 2013 kwa sababu ya mpango wake wa kuwapa wachezaji virutubisho, na mwezi Januari 2016 wachezaji 34, wa sasa na wa zamani, walifungiwa na Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo. Mwaka huo Essendon ilishika mkia, lakini mwaka 2017 ilirudi katika fainali.

Essendon iliwapoteza wachezaji kwa msimu mmoja, ila ikabaki na haki ya mshika mkia ya kuchagua chipukizi wa kwanza. Carlton ilinyimwa haki hiyo, ndiyo maana ilichelewa. Hata hivyo, zote mbili zilibaki katika ligi ileile, zikiwa na watazamaji walewale. Klabu ya Tanzania iliyoshushwa hupoteza mapato ya ligi kuu, huku safari za mikoani zikibaki ndefu. Kwa hiyo mwaka wa adhabu Tanzania ni mzito kuliko mwaka wa adhabu Melbourne, na hauwezi kubebwa na klabu isiyo na mfadhili mvumilivu.

5.0 Hitimisho

Klabu nne zilihukumiwa kwa pamoja mwaka 2016, na moja tu ndiyo iliyorudi kwa jina lake hadi kilele. Haikurudi kwa kusamehewa. Ilirudi kwa sababu mji ulikuwa na sababu ya kulisafisha jina na uwezo wa kusubiri miaka mitano.

Kwa miji kama Mgololo, funzo lina tahadhari ndani yake. Mwajiri mmoja anaweza kuiinua timu, lakini mwajiri huyohuyo akiyumba, timu huyumba naye. Kiwanda cha Mgololo chenyewe kiliwahi kusimamisha uzalishaji kabla ya kubinafsishwa. Klabu inayotaka kudumu inahitaji wanachama wanaohoji hesabu, viongozi wanaoweza kuondolewa, na kumbukumbu zilizoandikwa. Mambo hayo huilinda klabu isifikie siku ya hukumu. Na siku hiyo ikifika, ndiyo yanayoamua kama kutakuwa na mtu wa kuwaita wachezaji mazoezini kesho yake.