Foleni ya Mbaraki

Asubuhi nyingi nakwama Mbaraki nyuma ya malori yanayokwenda gatini, na hapo ndipo hunijia hesabu za ajabu. Lori moja kubwa hubeba kama tani 28. Urani iliyorutubishwa kiasi cha kuundia bomu, ya dunia nzima, ni yapata tani 1,240, nyingi mno ikiwa ya Urusi na Marekani. Yaani malori 44 hivi. Foleni ya aina hiyo naijua, nishaikalia sana tu. Halafu tazama mfuko wa saruji wa kilo 50. Shirika la nishati ya atomiki, IAEA, huhesabu kuwa kilo 25 za urani-235 zinaweza kutosha bomu moja. Nusu mfuko!

Hesabu hizi zilianzia barazani, Mji wa Kale. Nilisema bomu la nyuklia halituhusu sisi, mzee mmoja akaniruka: "Wewe! Ali Mazrui wa hapahapa hukumsoma?"

Nikaenda kumsoma. Mwaka 1979 Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin, alitoa mihadhara ya Reith ya BBC, na humo akasema Afrika nayo itafute silaha za nyuklia. Si tupigane. Aliona wakubwa hawatatupa mabomu yao mpaka yafike kwa watu wasiowaamini, ndipo hofu iwalazimishe kuyaacha wote.

Nilishangilia, sikufichi. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima si ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa Waswahili wenzetu wa bara? Mawe ya pale mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mwaka 1940 kampuni ya Kibelgiji, Union Minière, ikasafirisha zaidi ya tani elfu moja hadi New York. Mali yetu, bomu lao.

Kilichonirudisha nyuma ni Afrika Kusini. Iliunda mabomu sita, ikayavunja, na mwaka 1993 de Klerk akatangaza. Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha hizo Afrika nzima, ukatiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kazi 2009. Wakubwa hata hawakuona haya. Na urani ya mabomu yale iliyeyushwa, ikafungiwa Pelindaba kwenyewe. Marekani ikabembeleza itolewe, Pretoria ikakataa. Bomu hufunguliwa kwa bisibisi, bwana, lakini urani-235 hupungua nusu kwa miaka milioni 700. Tungemfuata Mazrui, leo nasi tungekuwa na mifuko ya kulinda usiku na mchana, na sisi taa za barabarani tu zinatushinda.

Nilirudi barazani na hoja yangu. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake.

"Haya, mwanangu. Na mwenye malori 44, yeye nani amwambia aegeshe?"

Nikaomba kikombe kingine.