Muziki wa Ayalandi Uliokolewa na Polisi wa Chicago. Wa Guka Wangu Utaokolewa na Nani?

Juni 2020 nilihudhuria mazishi ya guka wangu nikiwa Galway, Ayalandi, nimekaa kwa kitanda, nikiangalia simu. Binamu yangu ndiye alikuwa anashika simu upande wa nyumbani, na chaji ilikuwa inaisha. Wakati huo serikali ya Kenya iliruhusu watu 15 pekee kwa mazishi, na ndege za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa tangu Machi 25. Hata ningekuwa na pesa ya tiketi, ningeenda wapi?

Guka alikuwa mpigaji kodiani. Kama umekulia Central unajua mwomboko: wazee na cucu wanacheza wawili wawili, kodiani inaongoza, na kando mtu anagonga karing'aring'a, ile pete ya chuma. Siku ya mazishi kodiani yake ilikuwa ndani ya sanduku, kwa kiti. Hakuna aliyeipiga.

Jioni nikauliza kwa grupu ya familia, "Nani ako na rekodi ya guka akipiga?" Kimya. Baadaye anko akatuma video ya sekunde 11 kutoka harusi moja, na ndani yake kuna mtu anaongea juu ya muziki akiitisha soda. Hiyo ndiyo yote. Miaka sitini ya kupiga kodiani, sekunde 11.

Sasa niwaambie kwa nini hiyo kitu iliniuma mara mbili.

Nilikuwa nimefika Galway Septemba 2019, kusoma. Machi 12, 2020 waziri mkuu wao, Leo Varadkar, akatangaza shule na vyuo vifungwe. Siku tatu baadaye baa zikafungwa. St Patrick's Day ikafika bila maandamano. Kufika Machi 27 tukaambiwa hata mazoezi ni ndani ya kilomita mbili kutoka kwa nyumba. Tulikuwa wawili kwenye keja, mimi na jamaa mmoja wa kaunti ya Clare anayepiga kinanda kidogo cha kukunjua kinachoitwa concertina. Alichoka kuniona nikizunguka jikoni. Akanipa filimbi ya bati, ile ya matundu sita, akasema nijifunze.

Nikamwitisha noti. Akakataa. Kwao muziki wa jadi watu wengi wanaushika kwa sikio: mwenzako anapiga kipande, unarudia, anapiga tena, unarudia. Wiki tatu nilikuwa natoa sauti kama ya kuku anakimbizwa. Wiki ya sita nikaweza jigi moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba kila wimbo ulikuwa na jina, na karibu kila jina lilikuwa na hadithi: ulitoka kijiji kipi, nani aliupiga, nani alimfundisha. Nikamuuliza wanajuaje haya yote. Akatoa kitabu kwa shelfu, kimekunjwa kunjwa, akasema, "Muulize polisi."

Polisi mwenyewe anaitwa Francis O'Neill. Lakini kumwelewa lazima turudi nyuma kidogo.

Kati ya 1845 na 1852 viazi, chakula cha maskini wa Ayalandi, viliharibiwa na ugonjwa wa mimea. Nchi ilikuwa chini ya Uingereza, na chakula kingine kiliendelea kusafirishwa nje watu wakifa. Karibu watu milioni moja walikufa, na karibu milioni moja wengine wakahama. Waliopanda meli walibeba homa ya chawa. Kule Kanada kulikuwa na kisiwa cha karantini kinachoitwa Grosse Île, na mwaka wa 1847 pekee walizikwa huko Waayalandi zaidi ya 5,000. Nilisoma hayo Aprili 2020 nikiwa sitoki nje ya kilomita mbili. Neno karantini likaacha kuwa la habari ya saa moja.

Na wale waliobaki nyumbani walikuwa na desturi fulani. Mtoto akienda Marekani, usiku wa mwisho walikesha naye kama wanavyokesha na maiti. Kulikuwa na muziki, dansi, halafu asubuhi kilio. Walijua kwamba wengi wao hawatarudi. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema muziki huu ni wa watu wa kulewa na kufurahi, huwa nanyamaza tu.

O'Neill alizaliwa 1848, kaunti ya Cork, katikati ya hiyo njaa. Akiwa kijana akatoroka kwenda baharini, mwishowe akafika Chicago, akaingia polisi 1873. Kati ya 1901 na 1905 alikuwa mkuu wa polisi wa mji mzima. Chicago ilikuwa imejaa Waayalandi kutoka kila kaunti, kila mmoja na nyimbo za kijiji chake kichwani. O'Neill akaona kitu ambacho mtu wa nyumbani hakuweza kuona kwa urahisi: wazee hawa wakifa, nyimbo zinaenda nao.

Yeye mwenyewe hakuwa hodari wa kuandika noti. Lakini kulikuwa na polisi mwenzake, James O'Neill, wanafanana jina tu, aliyejua. Francis anapiga, James anaandika. Mwaka wa 1903 wakatoa kitabu cha nyimbo 1,850. Mwaka wa 1907 kikaja kingine cha nyimbo 1,001 za dansi, ambacho wanamuziki wakakiita "kitabu" tu, kama vile hakuna kingine. Ndicho kilikuwa kwa shelfu yetu.

Haikuishia hapo. Mpigaji fidla Michael Coleman alitoka kaunti ya Sligo akaenda Marekani 1914, na kuanzia 1921 akarekodi santuri New York. Santuri hizo zikasafirishwa hadi Ayalandi, na vijana vijijini wakajifunza upigaji wa nyumbani kwao kutoka kwa mtu aliye New York. Hata ile picha tunayoijua, ya watu wamekaa kwa meza ya baa wanapiga pamoja, ilishika kasi London baada ya Vita vya Pili, kwa sababu wafanyakazi wa mjengo kutoka Ayalandi walikuwa wanaishi vyumba vidogo na hawakuwa na mahali pengine pa kukutana. Waliokuwa mbali ndio waliofanya kazi kubwa ya kuutunza.

Ndio maana korona haikuuua. Tamasha lao kubwa, Fleadh Cheoil, halikufanyika 2020. Watu wakahamia Zoom. Huko sauti inachelewa kidogo, kwa hivyo hamwezi kupiga pamoja. Mmoja anapiga, wengine wote wanazima maiki na kumfuata kila mtu kwake. Jamaa yangu alikuwa anapiga kwa nguvu zote akiangalia vinywa na vidole visivyo na sauti. Alichukia sana. Lakini kila Alhamisi alikuwa hapo.

Najua mtaniambia nini. "Wewe, usifananishe. O'Neill alikuwa bosi wa polisi na mshahara. Guka yako alikuwa mkulima chini ya mkoloni, nani angemrekodi?" Ni kweli. Mamlaka na pesa vinaamua nani anakumbukwa. Lakini hiyo sababu inamlinda guka na kizazi chake. Sisi je? Mimi nimekuwa na simu yenye kamera tangu Form Three. Kila Krisi nilikaa mita mbili kutoka kwa ile kodiani nikirekodi nyama choma.

Na ule msemo kwamba sisi ni watu wa mdomo, eti mambo yetu lazima yapotee, mimi siukubali tena. Waayalandi pia walikuwa wa mdomo na sikio. Hata hapa kwetu mfano upo. Joseph Kamaru aliaga 2018, na mjukuu wake, KMRU, amekuwa akizitoa upya kazi za guka wake ili watu wazipate mtandaoni. Mjukuu mmoja tu ameamua.

Nilirudi nyumbani Desemba 2021. Nikaenda na kodiani ya guka kwa wazee wawili aliokuwa akipiga nao. Nikawaomba ruhusa, nikaweka simu juu ya ndoo. Siku mbili, nyimbo 14. Kwa kila moja niliuliza jina, nani aliwafundisha, na ilikuwa inapigwa wapi. Nne hawakukumbuka majina. Mmoja akajaribu mwanzo wa wimbo wa kumi na tano, akakwama, akajaribu tena, akaweka kodiani chini.

"Huu ulikuwa wa guka yako," akasema. "Mbona hukukuja mapema, kijana wangu?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Lakini wewe labda bado uko na wakati. Wikendi hii piga simu, panda matatu, enda. Simu moja inatosha. Anza na jina la wimbo.