Safu ya Lugha: Steringi na Shujaa

Kijana mmoja alitoka kibanda umiza hapa Bonga, kando ya barabara ya Kondoa, anasonya: "Steringi gani huyu, vituko vitupu!" Walikuwa wameonyeshwa Batman & Robin, mwendelezo wa mwaka 1997, ule wa mavazi ya mpira yenye chuchu. Msonyo ni haki yake. Mimi nimebaki na neno.

Steringi tumelitoa kwa Waingereza, kwenye starring, neno linalotangulia majina ya waigizaji wakuu. Pauni haihusiki, kwa hiyo wanaoandika "sterling" wanatuuzia sarafu. Shujaa ni neno la Kiarabu, na sifa yake ni moyo: anayeruka mtoni kumtoa mtoto wa jirani ni shujaa, kamera iwepo isiwepo.

Sasa kioja. Katika picha ile jina la kwanza ni la Arnold Schwarzenegger, adui wa barafu; George Clooney, Batman mwenyewe, anafuata. Kwa bango, steringi ni adui! Kibandani steringi ni yule asiyekufa, na hapo niko na kibanda. Ila "steringi mkuu" jamani, mdogo wake ni nani?