Daraja la Kushusha Pumzi

Iko sauti moja ambayo kila mtu anaijua, wala si neno. Mama akimkesha mtoto mgonjwa, huvuta pumzi nyingi, kisha huishusha polepole. Asubuhi, homa ikiisha, hufanya vile vile tena. Sauti ni moja, lakini ya kwanza ni ya uchungu, ya pili ni ya faraja.

Waingereza huiita «sigh», na hutamka «sai», kwani herufi mbili za mwisho hazisikiki siku hizi. Zamani zilisikika, zikitoka kooni. Neno hilo hubeba mzigo mwingi: huzuni, uchovu, furaha ya mtu aliyeokoka hatarini, na hamu ya kumwona mpenzi aliye mbali. Hata upepo ukipita katika majani ya miti, Waingereza hulitumia neno hilo.

Sasa tutazame mji wa Venezia, katika Italia. Huko, karibu na mwaka 1600, lilijengwa daraja la mawe meupe, lenye kuta na paa. Liliunganisha jumba la Doge, mkuu wa jamhuri ile, na gereza jipya ng'ambo ya mfereji. Wafungwa walipitishwa humo kutoka kwa waamuzi mpaka vyumba vyao. Madirisha yake ni madogo, yamezibwa kwa mawe yaliyotobolewa. Watu husimulia kwamba mfungwa, alipochungulia maji na mwanga mara ya mwisho, alishusha pumzi. Kwa hiyo Waitalia waliliita Ponte dei Sospiri.

Jamhuri ile ilianguka mwaka 1797, lakini daraja lipo hata leo. Mwaka 1818 Byron, mshairi Mwingereza aliyekaa Venezia, alilitaja katika utenzi wake, na jina lake likavuma kwa Kiingereza: Bridge of Sighs. Baadaye hata daraja la chuo kimoja cha Cambridge, lililojengwa mwaka 1831, lilipewa jina hilo. Hapo hupita wanafunzi, wala si wafungwa.

Neno la Kiitalia «sospiri» limetoka katika Kilatini «suspirare». Nasi Wakatoliki hatuligeni: wanaosali Salamu Malkia kwa Kilatini hulitamka mbele ya Bikira Maria. Basi neno la daraja la gereza ni neno la sala pia.

Na Kiswahili chetu? Pumzi, kupumua, kupumzika: maneno haya ni ndugu. Waganga nao wanatufundisha kwamba kila mtu hushusha pumzi mara nyingi kwa siku, hata asipojua, na kwamba pumzi hiyo nyingi hufungua tena mapafu yaliyoanza kusinyaa.

Basi, jirani akishusha pumzi karibu nasi, tusimwambie anyamaze. Tumwulize kwa upole ana nini. Labda anabeba mzigo. Labda ameutua sasa hivi.