Upangaji wa mionzi: kabari, uga na tao

Mitaani tunasema mgonjwa wa saratani ya titi "anapigwa mionzi", na kwa mazungumzo inatosha. Ila kabla ya kupigwa kuna kazi kubwa: picha za CT scan, kuchora mipaka ya titi, moyo na mapafu, kisha kukokotoa miale iingie kwa pembe ipi na kila sehemu ipate dozi kiasi gani. Hiyo ndiyo upangaji wa mionzi. Nasema upangaji, si mpango, kwa kuwa mgonjwa mmoja huweza kutengenezewa mipango mitatu, kisha daktari akachagua mmoja.

Titi linasumbua kulipangia. Ni nene penye mbavu na jembamba kuelekea chuchu, hivyo dozi huzidi kule kwembamba. Nyuma yake kuna pafu na, likiwa la kushoto, moyo. Ndiyo maana miale miwili hupitishwa kimshazari, ikilikata titi bila kuzama kifuani.

Mbinu ya zamani ya kusawazisha dozi ni kabari, na hapa Kiswahili hakikuhitaji kukopa: kipande cha chuma, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, huwekwa kwenye njia ya mwale. Upande mnene huelekezwa chuchuni ili kupunguza mionzi. Tatizo ni kwamba chuma hutawanya mionzi, na mingine huangukia titi la pili lisilo na ugonjwa.

Uga ndani ya uga huondoa chuma hicho. Uga ni eneo linalomulikwa na mwale. Mpangaji hutazama ramani ya dozi, huona palipozidi, tuseme asilimia 107 ya dozi iliyoagizwa, kisha huongeza uga mdogo ambamo vibamba vya tungsteni vimepaziba mahali hapo kwa sehemu ya muda wa kumulika. Ni kazi ya subira, lakini haihitaji mashine ya ajabu.

Tao ni mbinu mpya zaidi: mashine huzunguka huku ikimulika, na kompyuta, ikishaambiwa dozi inayotakiwa, hutafuta yenyewe njia ya kuifikia. Inafaa sana pale tezi za limfu za ndani ya kifua zinapohitaji kutibiwa pia. Gharama yake ni mionzi hafifu kusambaa eneo kubwa, hadi pafu na titi la upande wa pili.

Na moyo? Utafiti wa Sweden na Denmark uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kila grei moja (kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani wa dozi ya moyo iliongeza matukio makubwa ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Mgonjwa wa titi la kushoto akivuta pumzi ndefu na kuishikilia wakati wa kumulikwa, moyo husogea mbali na titi. Kwa titi peke yake, mimi ningechagua uga ndani ya uga pamoja na pumzi hiyo, tao libaki kwa wenye tezi ngumu kufikiwa.

Ukipangiwa tiba hii, usianze kwa kuuliza jina la mashine. Uliza: moyo wangu utapata grei ngapi?