Liwali na Kura ya Wabunge

Wengi huuliza: Liwali wa jimbo letu huchaguliwa na nani? Jibu lahitaji historia kidogo.

Zamani liwali wa Kivu Kaskazini aliteuliwa na wakubwa wa Kinshasa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ikaweka njia nyingine: wananchi wawachague wabunge wa jimbo, kisha wabunge hao wamchague liwali na makamu wake. Muda wao ni miaka 5, nao waweza kuchaguliwa tena mara moja tu. Tarehe 29 Oktoba 2006 watu wa Kibumba, pamoja na jimbo lote, walipiga kura ya wabunge. Tarehe 27 Januari 2007 wabunge walimchagua Bwana Julien Paluku Kahongya.

Njia hii si ngeni duniani. Watu wa Virginia, katika Marekani, walipomkataa mfalme wa Uingereza mwaka 1776, nao waliliachia bunge lao kazi ya kumchagua liwali. Lakini kwa kuwa walikwisha kuchoshwa na maliwali wa mfalme, walimpa wao mwaka 1 tu kwa kila kura, wala asipite miaka 3 mfululizo. Ndivyo Thomas Jefferson alivyochaguliwa mwaka 1779 na tena mwaka 1780, akaondoka mwaka 1781. Kura ya liwali ilifika mikononi mwa wananchi wenyewe mwaka 1851.

Kwetu muda uliandikwa vizuri, lakini haukutimizwa. Wabunge wa jimbo hawakuchaguliwa tena mpaka Desemba 2018. Beni na Butembo walingoja mpaka Machi 2019. Hivyo kura ya miaka 5 ilidumu miaka 12. Mwaka 2019 wabunge wapya walimchagua Bwana Carly Nzanzu Kasivita, lakini Mei 2021, kwa sababu ya vita, Serikali iliweka liwali mwanajeshi mahali pake.

Basi twajifunza nini? Mtu akimkabidhi jirani viazi vyake akaviuze Goma, kwanza humpima tabia, kisha hupatana naye siku ya kurudi na fedha. Mbunge ndiye jirani huyo. Tukimpa kura kwa ajili ya chumvi na fulana, twampa na kiti cha liwali akiuze. Na siku ya kurudi ikipita, tumwulize mapema, kwa amani, wala tusichoke.