Kanga na Lubugo Ukutani

Mwaka 2017 Tuzo ya Turner ilishindaniwa Hull, katika Ferens Art Gallery, jumba la sanaa la jiji hilo. Mshindi alikuwa Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1954 aliyepelekwa Uingereza angali mchanga, na mwanamke Mweusi wa kwanza kuitwaa. Mwaka uliofuata, huko Gateshead, alifanya maonyesho ya michoro juu ya vitambaa iliyofuata mtindo wa kanga, ila mahali pa jina, yaani msemo wa kanga, aliweka maneno ya waandishi wa Marekani kama James Baldwin na Audre Lorde.

Mtu wa Pwani akiiona kanga imetundikwa peke yake, la kwanza atauliza doti yake iko wapi. La pili ni zito zaidi: inamwambia nani? Jina la kanga hufanya kazi mlengwa akiwapo, awe mke mwenza, jirani au wifi. Mvaaji anageuka tu, ujumbe umefika. Akikabiliwa, ana pa kujifichia: yeye kapenda rangi, maneno kayakuta dukani. Ukumbini kinga hiyo haipo. Msanii ameweka jina lake kwenye kibandiko, na anayesoma ni mpita njia asiye na ugomvi na mtu. Hata hivyo, naona Himid aliijua hasara hiyo akaigeuza mtaji. Maneno aliyochagua ni ya watu waliolazimika kusema waziwazi, hawakuwa na anasa ya mafumbo.

Mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alishika njia nyingine. Lubugo alilikuta katika soko la vitu vya watalii jijini humo, akaanza kulitumia mahali pa turubai. Kwa Waganda nguo hii ina heshima yake. Gome la ndani la mti wa mutuba hubanduliwa, likapondwa kwa nyundo za mbao hadi litanuke na kulainika, kazi ambayo ukoo wa Ngonge umeirithishana vizazi na vizazi. Lubugo hutumika mfalme wao, Kabaka, anapotawazwa, na maiti huzikwa nalo. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Armitage hupaka rangi za mafuta juu yake, lakini matundu na mishono huviacha. Wahakiki wa Ulaya hupenda kutaja Goya wanapomzungumzia, na hawakosei. Ninachokikosa kwao ni jicho la Mganda, ambaye huenda akaiona sanda kabla hajaiona picha. Tazama michoro yake iliyotokana na mikutano ya upinzani kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2017, uchaguzi ambao baada yake watu waliuawa. Umati unashangilia juu ya nguo ya kuzikia, na tundu limekaa katikati yao. Sijui rangi gani ya dukani ingeweza kusema hivyo.

El Anatsui wa Ghana, aliyefundisha Nsukka kwa miaka mingi, namtaja kwa kifupi. Mapazia yake ya vizibo vya chupa vilivyoshonwa kwa waya wa shaba hayajapata kuvaliwa na mtu, kwa hiyo hayana cha kupoteza yakitundikwa. Ndiyo maana anaweza kuwaachia wenye ukumbi wayakunje watakavyo. Kanga haikubali uhuru huo: ukikunja vibaya, umelifunika jina.

Swali la nani anaambiwa, Himid na Armitage hawakuliachia kitambaa peke yake. Himid alikuwa akiwakusanya wenzake kabla hajajulikana: mwaka 1985 aliandaa London maonyesho ya wanawake Weusi na wa asili ya Asia, wakapewa ukuta wa ushoroba. Armitage alipofanya maonyesho yake makubwa kwenye Royal Academy mwaka 2021, alitenga nafasi ya wakongwe wa Afrika Mashariki, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Sane Wadu. Kituo cha sanaa alichokianzisha Nairobi kilifungua kumbi zake mwaka 2022 kwa kazi za Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi, na ambaye watazamaji wa jiji hilo hawakuhitaji kibandiko cha kuwaeleza anamsema nani.